Kupimwa virusi vya njia ya hewa wodini: maswali ya ndugu wa wagonjwa, Tanga

Nimefanya kazi ya maabara hapa Tanga kwa miaka mingi, na dirisha langu la kupokelea sampuli limekuwa dirisha la maswali pia. Anakuja mtu na karatasi ya daktari mkononi, nyuma yake shangazi, nyuma ya shangazi jirani aliyewasindikiza kutoka Mabokweni. Wote wanataka kujua jambo moja: kwa nini mgonjwa wao, aliyeletwa kwa nyonga, anaingizwa kijiti puani. Hapa nimeyaandika majibu ninayowapa, na mengine ambayo foleni hainipi nafasi ya kuyasema.

Nikisema virusi vya njia ya hewa, nina maana kwanza ya UVIKO-19, kisha influenza, yale mafua makali yanayomwangusha mtu kitandani, na RSV, kirusi kinachowasumbua zaidi watoto wachanga. Namna ya kuvipima ni karibu moja.

Mgonjwa wetu ameanguka akavunjika nyonga. Pua yake inahusu nini?

Inamhusu aliyelala kitanda cha pili. Wodini watu wanavuta hewa moja usiku na mchana, na wengi wao miili imekwisha kuchoka kwa kisukari, presha, figo au upasuaji. Kirusi ambacho nyumbani kingekuletea mafua ya siku tatu, pale kinaweza kumtoa mtu roho. Na mwenye UVIKO-19 huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajihisi mgonjwa, kwa hiyo kusubiri mpaka akohoe ni kuchelewa.

Somo hili sikulipata maabara. Mama yangu mdogo alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja, presha imempanda. Kitanda cha jirani alikuwepo bibi mmoja akikohoa usiku kucha. Sisi ndugu tulikaa pale tukimpa yule bibi maji ya uvuguvugu, tukimwambia pole bibi, Mungu atakusaidia. Hakuna aliyempima wala aliyemsogeza, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mbu. Siku ya nne mama mdogo akaanza kukohoa. Siku ya sita yuko kwenye oksijeni. Alipona, alhamdulillahi, lakini mtu aliyeingia kwa miguu yake alitoka ameshikiliwa na watu wawili, na mpaka leo akipanda ngazi anasimama katikati kutafuta pumzi. Yule bibi hana kosa. Kosa ni la wodi iliyokaa siku zote zile bila kuuliza kikohozi kile ni cha nini.

Kwa hiyo ukiniona namsogelea baba yako na kijiti, usidhani tunamshuku. Tunamlinda mwenzake na tunamlinda yeye.

Je, kila anayelazwa hupimwa?

Hapana, na si lazima iwe hivyo. Anayekuja na homa, kikohozi, koo kuwasha, kifua kubana au kupotewa na harufu hupimwa mara moja. Asiye na dalili hupimwa pale hatari ni kubwa: anakwenda kufanyiwa upasuaji, anaingia kusafishwa damu kwa sababu ya figo, amelazwa karibu na watoto njiti au wagonjwa wa saratani, au alikaa na mtu aliyethibitika kuwa na ugonjwa.

Wako pia wanaoanza kukohoa wakiwa wodini. Hapa tarehe ina maana kubwa. UVIKO-19 huchukua wastani wa siku tano hivi tangu kirusi kiingie mpaka dalili zitoke, aina za karibuni zikiwa na haraka zaidi, na mwisho wake ni kama siku 14. Influenza huchukua siku moja hadi nne. Mtu akianza kukohoa siku ya pili baada ya kulazwa, karibu kwa hakika alitoka nayo nyumbani. Akianza wiki ya tatu, aliipata ndani, na hapo wodi nzima inapaswa kuangaliwa, wauguzi na wafagizi wakiwemo. Ndiyo maana nesi anakuuliza mara mbili mbili, "Kikohozi kilianza lini hasa?" Tafadhali msimjibu "juzi juzi". Mpeni siku.

Hicho kijiti kinafika wapi? Tumesikia kinagusa ubongo.

Hakigusi, wala hakiwezi kufika huko kikiwekwa inavyotakiwa. Wengi tunadhani tundu la pua linapanda juu kuelekea machoni. Sakafu ya pua imelala: inakwenda moja kwa moja nyuma, usawa wa sikio. Kijiti kinafuata sakafu hiyo taratibu mpaka kinapogusa ukuta laini ulioko nyuma kabisa, juu ya koo. Ubongo uko juu zaidi, nyuma ya mfupa.

Nieleze ninavyofanya. Ninamwomba mgonjwa apenge kamasi kwanza. Anainua kidevu kidogo, kichwa kimeegemea mto au ukuta. Kijiti ni chembamba kuliko njiti ya mshikaki, kinapinda, na kichwa chake kina nyuzi fupi zilizosimama kama manyoya ya brashi ndogo. Ninakiingiza, ninakizungusha polepole, ninahesabu kimoyomoyo sekunde chache, ninakitoa huku bado nakizungusha. Machozi yanatoka jicho la upande ule ule, wengine wanapiga chafya. Kijiti kinatumbukia kwenye kichupa chenye maji ya rangi ya waridi, ninakivunja kwenye alama yake, nafunga kizibo. Kisha naandika jina, umri, tarehe na saa, mbele ya mgonjwa mwenyewe, naye anasikia nikilisoma jina lake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Pua itaacha kuuma baada ya dakika mbili, lakini jina likikosewa, watu wawili wanapewa majibu yasiyo yao.

Kama mgonjwa anatumia dawa za kuyeyusha damu, ana mfupa wa pua uliopinda, au alifanyiwa upasuaji wa pua, semeni mapema. Tunaweza kuchukua sampuli mbele ya pua au kooni.

PCR na kipimo cha haraka vina tofauti gani?

Kipimo cha haraka mnakijua kwa sura, kwa sababu kinafanana na kile cha malaria kilicho katika kila zahanati. Kipande cha plastiki, matone machache, unasubiri dakika 15 hadi 30, mstari mmoja au miwili. Tofauti ni kwamba cha malaria kinataka damu ya kidole na hiki kinataka majimaji ya pua. Kinatafuta protini za kirusi, vipande vya mwili wake. Ili mstari wa pili utokee, vipande hivyo lazima viwe vingi. Kwa hiyo kinafanya kazi vizuri siku za mwanzo za ugonjwa, tuseme wiki ya kwanza, kirusi kinapokuwa kimejaa puani. Mstari wa kwanza, ule wenye herufi C, usipotokea, kipimo kimeharibika na hakuna jibu lolote la kusoma, hata kama wa pili umetokea.

PCR inatafuta vinasaba vya kirusi, yaani maandishi ya ndani yanayokiambia kijizalishe vipi. Mbinu yenyewe ilibuniwa mwaka 1983 na Kary Mullis wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 kwa kazi hiyo. Mashine inachemsha sampuli mpaka nyuzijoto 95 hivi ili uzi wa kinasaba uachane pande mbili, inaipoza, kila upande unajengewa mwenzake, kisha inachemsha tena. Kila mzunguko idadi inakuwa maradufu. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, vinne vinane. Ukifika mzunguko wa 40, kinasaba kimoja kimekwisha kuwa zaidi ya trilioni moja kwa hesabu. Ndiyo maana PCR inakamata hata kirusi kidogo sana ambacho kipimo cha haraka kingekipita.

Ipo njia ya tatu, ya GeneXpert, mashine ile ile wengi wenu mnayoijua kwa kupimia kifua kikuu kwenye makohozi. Nayo inasoma vinasaba, ila kazi yote inafanyika ndani ya katriji ndogo, na ya UVIKO-19 hutoa jibu kwa kama dakika 45. Zipo katriji zinazopima UVIKO-19, influenza na RSV kwa pamoja. Kwa hospitali iliyo mbali na mji hiki ni kitu cha thamani sana.

Wodini mimi husema hivi: cha haraka kitumike kuamua mgonjwa alale wapi usiku huu, na PCR itumike kuhakikisha.

Majibu ni hasi lakini bado anakohoa. Tumwondolee barakoa?

Msimwondolee. Swali hili ndilo ningependa kila mtu alielewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mvuvi anayerudi ufukweni Sahare na wavu mtupu hajathibitisha kwamba bahari haina samaki. Amethibitisha kwamba wavu wake, pale alipoutupa, saa ile, haukupata kitu. Jibu hasi ni hivyo hivyo. Inawezekana mgonjwa ameambukizwa jana na kirusi bado hakijazaana vya kutosha. Inawezekana ni siku ya kumi, puani kimepungua na sasa kiko chini kwenye mapafu. Hapo makohozi yanaweza kuonyesha kile ambacho pua imeficha. Inawezekana aliyechukua sampuli aliona huruma, akaishia mlangoni mwa pua, akatoka na kamasi tu. Nimepokea vijiti vikavu kabisa, vimeandikwa vizuri, vimefungwa vizuri, havina kitu. Na inawezekana kweli hana kirusi, anakohoa kwa sababu ya kifua kikuu, nimonia ya bakteria, pumu, au moyo ulioshindwa kusukuma damu.

Kwa vipimo vya haraka vya UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka kiwango cha chini: kati ya wenye ugonjwa 100 kiwakamate angalau 80. Maana yake ni kwamba hata kipimo kinachokubalika kinaweza kuwaacha watu 20 katika 100 wapite. Watu 20 si wachache ukiwalaza kwenye wodi zenu.

Kwa hiyo daktari akimwona mgonjwa anahema, kifua kinalia, oksijeni inashuka, atamweka pembeni hata kama karatasi inasema hasi, kisha ataomba arudiwe baada ya siku moja au mbili. Mnapoambiwa "tunarudia kipimo", msione kwamba maabara haijui kazi.

Na kinyume chake: ameambiwa chanya, wala hana hata mafua. Inawezekana ni uongo?

Inawezekana, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Kiwango kile kile cha WHO kinataka kipimo cha haraka kiwasome sawasawa angalau 97 kati ya wazima 100. Maana yake watatu wanaweza kupewa chanya isiyo yao.

Tuseme wakati ugonjwa umetulia mjini tunawapima watu 1,000 wasio na dalili, na wenye kirusi ni 10 tu. Kipimo kitawakamata kama 8. Wale wazima 990, asilimia tatu yao ni kama 30, nao watapata mstari wa pili. Mistari miwili jumla 38, na ya kweli ni 8. Sasa chukua wagonjwa 100 wanaokohoa wakati wa mlipuko, na 30 kati yao wanao ugonjwa kweli. Kipimo kitawakamata 24, na kati ya wazima 70 kitakosea kwa wawili hivi. Hapo chanya karibu zote ni za kweli. Kipimo ni kile kile, boksi lile lile. Kilichobadilika ni watu uliowapima.

Ndiyo sababu asiye na dalili akitoka chanya kwa kipimo cha haraka wakati ugonjwa ni haba, tunataka PCR kabla hajahamishiwa chumba cha wenye maambukizi. Ukimkosea mtu huyo ukamlaza katikati ya wanaoumwa kweli, umempa ugonjwa ambao hakuja nao.

PCR nayo ina jambo lake. Mtu aliyepona anaweza kuendelea kutoka chanya kwa wiki kadhaa, hata karibu miezi mitatu, kwa sababu mashine inaona mabaki ya vinasaba na haina njia ya kujua kama kirusi ni kizima au kimekufa. Kama mgonjwa wenu aliugua UVIKO-19 mwezi uliopita, mwambieni daktari. Taarifa hiyo inaweza kumwepusha na kutengwa bure.

Lakini papai na mbuzi walipimwa wakakutwa nacho. Tuamini vipi?

Hakuna wiki ninayokosa kuulizwa hili, na wanaouliza ni watu wazima wenye akili zao, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Tarehe 3 Mei 2020 Hayati Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi, miongoni mwa nyingine, zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi chanya. Siku chache baadaye mkuu wa wakati huo wa Afrika CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, Dakta John Nkengasong, alikataa hoja kwamba vipimo vilikuwa vibovu.

Mimi nitasema la fundi. Kipimo hiki kilitengenezwa na kuthibitishwa kwa majimaji ya pua na koo la binadamu. Ukikipa maji ya tunda, hakuna aliyewahi kukupa ahadi ya jibu lake. Pili, PCR ni nyepesi mno kuchafuka. Tone lisiloonekana kutoka sampuli ya jirani linatosha, kwa sababu nalo litazidishwa maradufu mara 40. Ndiyo maana kila tunapowasha mashine tunaweka humo vichupa viwili ambavyo si vya mgonjwa: kimoja tunajua kina kinasaba cha kirusi, kingine ni maji safi. Maji safi yakitoka chanya, majibu ya mzunguko mzima yanatupwa na tunaanza upya, hata kama ni saa nne usiku na watu wanasubiri nje. Nimewahi kufanya hivyo, na ndugu walinikasirikia sana. Afadhali hasira yao kuliko karatasi ya uongo.

Ukitaka kuipima maabara, uliza swali moja tu: "Maji yenu ya leo yametokaje?" Fundi mwenye kujua kazi atakujibu kwa furaha.

Majibu yanachukua muda gani?

Cha haraka, nusu saa ukihesabu maandalizi. GeneXpert, ndani ya saa moja au mbili kama foleni ni fupi. PCR ya mashine kubwa inachukua saa kadhaa, lakini kinachochelewesha ni safari. Mwaka 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza nchini kutangazwa tarehe 16 Machi, sampuli za mikoani zilikuwa zikipelekwa Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam. Kutoka Tanga ni kama kilomita 350. Kichupa kinakaa ndani ya deli lenye barafu, kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kinavumilia hivyo saa 72. Zikipita, kinahitaji baridi kali ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Deli likiachwa juani stendi wakati utingo anatafuta abiria wa mwisho, mashine ya huko mbele haiwezi kurekebisha lolote.

Uliza hivi: sampuli imechukuliwa saa ngapi, inapimwa hapa au inapelekwa, na nani atanipa jibu. Mkipata majibu hayo matatu, hamtahangaika kwenye makorido.

Akiwa chanya atapelekwa wapi? Tutamwona?

Atahamishiwa chumba chake, au chumba cha wenye ugonjwa huo huo. Kinachotafutwa humo ni hewa inayotembea. WHO inapendekeza wodi ya kawaida inayotegemea madirisha ipate walau lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Kwa mji wetu wenye upepo wa bahari mchana kutwa hilo si gumu, mradi madirisha yafunguliwe na tusiyazibe kwa mapazia mazito. Mbu wadhibitiwe kwa chandarua.

Kuhusu kumwona, ninajua jambo hili linauma. Kwetu kumjulia hali mgonjwa ni deni, na asiyekuja anakumbukwa. Lakini watu kumi na wawili kuzunguka kitanda kimoja ni njia rahisi ya kupeleka kirusi Ngamiani, Makorora na Duga kwa jioni moja. Chagueni mtu mmoja mwenye afya, asiwe mzee wala mjamzito, avae barakoa iliyobana pua na mdomo, anawe mikono kwa sabuni akiingia na akitoka. Wengine mpigieni mgonjwa simu. Uji na supu vipokelewe mlangoni.

Kama nyumbani kuna waliokaa naye karibu, wajiangalie, na mwenye dalili aje apimwe. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kinaonyesha oksijeni ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa 95 kwenda juu. Ikishuka chini ya 94 njooni hospitali. Chini ya 90 ni dharura, msisubiri kupambazuke.

Kwa nini msimpe tu sindano za antibiotiki tukaachana na mambo ya vipimo?

Kwa sababu antibiotiki inaua bakteria na kirusi hakijali. Kujua ni kirusi gani kunabadilisha tiba. Mwezi Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ndogo ambayo ilikuwepo siku zote, miligramu 6 kwa siku hadi siku 10, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida yoyote. Influenza ina dawa yake, oseltamiviri, inayosaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili. Na kama ni kifua kikuu, matibabu ni ya miezi. Hivi vyote mlangoni vinakuja na sura moja: mtu anakohoa, ana homa.

Mtoto wangu ana wiki tano. Naye aingizwe kijiti?

Ndiyo, chake ni chembamba zaidi, au tunavuta kamasi kwa bomba dogo. Mama umpakate, mmoja ashike kichwa, inakwisha kabla hajamaliza kulia. Mnyonyeshe mara baada ya hapo. Mtoto anayehema mbavu zikiingia ndani, au anayeshindwa kunyonya, aanze kupewa huduma kwanza, kijiti kitafuata.

Nimefunga Ramadhani. Kipimo kinabatilisha saumu?

Kijiti hakibebi chakula, maji wala dawa. Masheikh wengi walioulizwa wakati wa UVIKO-19 walisema hakibatilishi. Kama moyo hautulii, muulize sheikh wako, au omba kipimo kifanyike baada ya futari ikiwa hali yako inaruhusu kusubiri.

Nikijifukiza kwanza, majibu yatatoka hasi?

Mvuke unafungua pua na mtu anapata nafuu ya kamasi, sikatai. Kirusi kiko ndani ya chembe za mwili na mvuke haukifikii. Ninaowaogopea ni watoto, maana nimeona waliounguzwa na sufuria ya mchaichai chini ya blanketi. Asubuhi ya kipimo usipake mafuta wala dawa ya kuchua ndani ya pua.

Mgonjwa anaweza kukataa? Na majibu yake mnampa nani?

Anaweza kukataa, na asilazimishwe kwa nguvu. Aelezwe, aulize, apewe muda. Akikataa, hospitali itamchukulia kama ambaye huenda anao ugonjwa na kumlaza pembeni, kwa usalama wa wengine. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mie sina korona, mie nina kifua changu cha siku zote." Nikamjibu, "Shikamoo babu. Basi tuipate karatasi inayosema hivyo, ili wasije wakakuhamisha." Akacheka, akainua kidevu mwenyewe.

Majibu ni ya mgonjwa na daktari wake. Jirani aliyewasindikiza, hata awe mwema vipi, hatasomewa. Mwaka 2020 niliona nyumba zikikwepwa na watu kukosa wanunuzi wa maandazi yao kwa sababu jina lilivuja kutoka wodini. Aliyevujisha aliona ni umbea tu.

Ndugu yetu amefariki kabla majibu hayajatoka. Tumzike vipi?

Poleni sana. Mna haki ya kumzika kwa heshima na kwa dini yenu. WHO ilieleza mwaka 2020 kwamba wanaomkosha maiti wa UVIKO-19 wanaweza kufanya hivyo wakivaa glavu, barakoa, kinga ya macho na vazi la kuzuia maji kuwagusa. Maiti hapumui wala hakohoi. Hatari iko kwenye majimaji ya mwili, na kwa hai waliobanana chumba kimoja. Kwa hiyo wakoshaji wawe wachache, wenye nguvu, wasiwe wazee. Tumbo lisibonyezwe kwa nguvu. Busu la kumuaga liachwe. Sanda ivalishwe kama kawaida, na swala ya jeneza, au ibada ya kuaga kwa Wakristo, ifanyike uwanjani penye upepo. Mikono ioshwe kwa sabuni, nguo za wakoshaji zifuliwe.

Majibu yakitoka baadaye, njooni myachukue hata kama mmeshazika. Waliomuuguza wanahitaji kujua.

Dunia si ilishasema korona imekwisha?

WHO ilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Kirusi chenyewe kingali kinazunguka, pamoja na influenza na RSV ambavyo vilikuwepo kabla yake. Wengi wetu sasa tuna kinga ya chanjo au ya kuugua, na ndiyo maana mitaani hatuogopi kama zamani. Aliyelazwa hana nafasi ile ile.

Nyinyi wenyewe mnapimwa?

Tunapaswa, na mna haki ya kuuliza. Nesi mwenye mafua anapita vitanda ishirini kwa zamu moja. Ukimwona mfanyakazi anakohoa juu ya mgonjwa wako, mwambie kwa adabu, "Samahani dada, umejipima?" Nimeulizwa hivyo mara moja, na mama wa Kibondei aliyekuwa akimuuguza mumewe. Nilikuwa na koo linawasha tangu asubuhi. Nilikwenda kujipima, mistari ikawa miwili.

Nikiwa na swali usiku, nimpigie nani?

Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Uwe na tarehe dalili zilipoanza, aina ya kipimo kilichofanyika, na siku sampuli ilipochukuliwa. Kama mgonjwa anahema kwa shida, acha simu, tafuta bajaji.